Santuri, Pumzi na Kipimo cha Haki



Nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Lamu hata Kilwa, zina kasha ambalo halifunguliwi ila siku ya kuhama au siku ya kugawa mirathi. Chini ya kanga za bibi na hati za shamba, pengine mna santuri: sahani nyeusi, nzito, zenye mistari myembamba kama uzi. Vijana wakiziona hutafuta mashine ya kuzipigia. Mashine ikipatikana, santuri huzunguka, sauti ikatoka, na mzee aliyekaa pembeni huambiwa, "Msikilize, huyu ndiye fulani aliyesifika zamani." Nami suali langu leo ni hili: umejuaje kuwa huyo ndiye?

Usidhani naleta suali la mchezo. Santuri ikizungushwa kwa mwendo usio wake, haikai kimya wala haikatai. Husema, lakini husema uwongo. Nimeyajua haya si kwa kusoma vitabuni, bali kwa kuyaonja mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto huko Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Kwa hivyo nakuomba, msomaji wangu, tupande pamoja kutoka pwani mpaka mlimani, kisha turudi sote.

Kilimanjaro si nchi ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikifika huko tangu kabla ya Wazungu. Hata mmishonari Johannes Rebmann alipouona mlima ule tarehe 11 Mei 1848, aliyeuongoza msafara wake alikuwa Muislamu wa pwani, Bwana Kheri. Reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakajenga njia nyingine kutoka Voi kupita Taveta, ikakutana na ile ya Tanga pale Kahe. Basi Moshi ikawa mji wa bara wenye milango miwili ya bahari, mmoja Tanga na mmoja Mombasa.

Kwa milango hiyo kahawa iliteremka na bidhaa zikapanda. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikasimama chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake linajulikana hata leo. Kahawa ilipopata bei, mwenye kihamba, yaani shamba lake la urithi la migomba na mibuni, alinunua bati, baiskeli na cherehani. Na aliyezidi kidogo alinunua gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono. Ndivyo sauti za Unguja, Mombasa, Bombay na Misri zilivyofika kwenye vijiji vyenye baridi, ambako wengi hawajapata kuiona bahari.

Sasa yatupasa kujua kwa nini santuri zina mwendo mbalimbali. Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza ya kuhifadhi sauti na kuirudisha mwaka 1877, nayo ilitumia mche mviringo, si sahani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner akaleta sahani bapa, ndiyo santuri tuijuayo. Mashine za kwanza za Berliner zilizungushwa kwa mkono, na mkono wa binadamu hauna mwendo mmoja. Baadaye ikatiwa springi, pamoja na chombo cha kuizuia isikimbie. Hata hivyo kila kampuni ilirekodi kwa mwendo wake. Wengine walizungusha mara 70 na kitu kwa dakika, wengine 80 au zaidi. Ilipokuja mota ya umeme ndipo ikakubalika kuwa mwendo uwe mizunguko 78 kwa dakika. Santuri hizo zilikuwa za lakiri itokanayo na wadudu wa Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua kiasi cha dakika 3 tu, na ndiyo sababu nyimbo ndefu zikakatwa vipande.

Mwendo wa 33 na thuluthi moja ulitokana na sinema. Mwaka 1926 huko Marekani picha za sinema zilianza kupewa sauti kwa santuri, na ilitakiwa santuri moja ienee muda wa gurudumu zima la filamu, kiasi cha dakika 11. Basi wakapunguza mwendo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikautumia mwendo huo kwa santuri kubwa za plastiki, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa santuri ndogo za 45. Tangu hapo ikawa dunia ina miendo mitatu, na mashine moja yenye kitasa cha kuchagua. Penye kuchagua, msomaji wangu, pana na kukosea.

Maulamaa nao hawakunyamaza. Tangu mwisho wa karne ya 19, gramafoni ilipoingia miji ya Kiislamu, waliulizwa juu ya kusikiliza Qur'ani katika mashine, na walihitilafiana. Sikuja hapa kuzifufua hitilafu hizo, wala kuhukumu nyimbo. Nataka ujue jambo moja la tarikh: mwaka 1961 huko Misri ilitolewa kwa santuri, kwa mara ya kwanza, Qur'ani nzima iliyosomwa kwa tartil. Fikra ilikuwa ya Bwana Labib as-Said, na msomaji alikuwa Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Makusudio yake yalikuwa kuuhifadhi usomaji sahihi, ili mwanafunzi aliye mbali na mwalimu apate mahali pa kulinganisha. Angalia neno hilo: kulinganisha. Santuri iliwekwa iwe kipimo.

Sasa ndipo ninapoingia mimi.

Mwaka 1974 Haji mmoja wa Moshi mjini alirudi kutoka Makka na mashine ya santuri aliyoinunua Jedda, pamoja na baadhi ya santuri za Sheikh al-Husary. Mashine ilihitaji umeme wa volti 110, na wetu ulikuwa wa volti 230, kwa hivyo akanunua na transfoma. Haji alikuwa mtu mkarimu. Alimwambia mwalimu wetu, aliyekuwa na madrasa mlimani upande wa Machame, awateremshe wanafunzi wakubwa wakasikilize. Mwalimu alikuwa mgonjwa siku zile, akatutuma sisi watatu peke yetu. Tukawa tunateremka kila Alhamisi, tunakaa mkekani kwa Haji, tunasikiliza na kuiga.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya chini, ya kutisha kwa utukufu. Nilijitahidi kuishusha sauti yangu mpaka koo likaniuma. Lakini kubwa lililonishinda ni pumzi. Sheikh alikuwa akisoma aya ndefu bila ya kukata, nami nikifika katikati kifua kimekwisha. Wenzangu nao ni hivyo hivyo, ila wao waliona ni jambo la kawaida. Mimi nilidhani nina ila. Nililala usiku nikihesabu, nikizuia pumzi chini ya blanketi, nikizidi kushindwa. Ilipokaribia Ramadhani nilimwendea mama yangu nikamwambia kuwa Mungu hakunijaalia kifua cha kusoma, heri niache madrasa nikasaidie shambani. Nilikuwa na miaka 14.

Mama hakunijibu. Alikwenda kwa mwalimu.

Alhamisi iliyofuata mwalimu aliteremka nasi, akitembea kwa mkongojo. Alikaa, akasikiliza upande mmoja wote bila ya kusema neno, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Haji, huyu msomaji havuti pumzi kama tunavyovuta sisi."

Haji akahisi mashine yake inatiwa ila. Akasema, "Maalim, mashine ni mpya, nimeitoa Jedda kwa mkono wangu."

"Sikuisema mashine yako, Haji. Namtetea Sheikh. Aya hii naijua, na pumzi ya mwanadamu naijua. Mtu aweza kusoma polepole, lakini baina ya kituo na kituo lazima kifua chake kiseme ukweli. Hiki hakisemi."

Kisha akaniita mimi. Akabandika kipande cha karatasi pembeni mwa santuri, akanipa tasbihi yake, akaniambia nisogeze punje moja kila karatasi ile inapopita mbele yangu. Haji akashika saa ya mkono. Santuri ile iliandikwa 33 na thuluthi moja kwa dakika, na ukizidisha mara 3 wapata 100 kamili. Kwa hivyo katika dakika 3 ilitakiwa tasbihi yenye punje 99 iishe, na ibaki moja ya kuanzia tena. Haji alipoita "Basi!", kidole changu kilikuwa kwenye punje ya 83.

Mwalimu hakushangilia. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, pumzi yako haina ila. Ulikuwa ukishindana na mtu asiyekuwepo."

Fundi mmoja wa redio ndiye aliyetufasiria. Chini ya mashine paliandikwa 60, na umeme wa Tanzania ni wa 50. Maana yake, umeme wetu hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na kuna nchi ambazo umeme wao hugeuka mara 60. Marekani ni mojawapo, na Saudia leo pia. Mota nyingi za mashine za santuri wakati ule zilifuata mageuko hayo. Transfoma hubadili volti, lakini haiwezi kubadili mageuko. Basi mashine ya 60 ikitiwa kwenye umeme wa 50 huzunguka sehemu 5 katika 6 za mwendo wake: 78 huwa 65, 45 huwa 37 na nusu, na 33 na thuluthi huwa kasoro ya 28. Pumzi ya sekunde 15 ikawa ya sekunde 18. Na mimi, kwa sekunde 3 zisizokuwa za mtu yeyote, nilikaribia kuacha chuo.

Fundi aliitengeneza kwa kuongeza unene wa puli ya mota kwa sehemu moja ya tano. Kama kipenyo ni milimita 5, kifanywe 6. Kwanza alizungusha utepe, baadaye mkerezaji akamchongea puli ya shaba. Tukahesabu tena: 100. Sheikh al-Husary akarudi kuwa yeye mwenyewe, sauti yake nyepesi kuliko tulivyoizoea, wazi, yenye utulivu. Haji alilia. Alisema, "Miezi yote hii nimemkaribisha mgeni, nami sikumjua."

Hapa pana fundisho la ilimu ambalo napenda ulizingatie. Wanazuoni wa tajwidi hututajia daraja za mwendo wa kusoma: tahqiq, ambayo ni ya kutuliza sana, tadwir ya katikati, na hadri ya kuharakisha, na zote ziwe ndani ya tartil iliyoamrishwa katika Sura ya Muzzammil. Msomaji hodari hutoka daraja moja akaingia nyingine na sauti yake ni ile ile. Mashine haiwezi hivyo. Ukiipunguza mwendo, hushusha na sauti. Ukiikimbiza, huipandisha mpaka mzee awe mtoto. La ajabu ni kuwa uwiano wa madda hauharibiki. Madda ya 2 na ya 6 zote hurefuka pamoja, na moja hubaki ni thuluthi ya nyingine. Ndiyo maana sisi wanafunzi hatukugundua kosa: kila kitu kilikubaliana na chenziwe. Kosa likienea sawasawa pande zote, aliye ndani yake halioni. Huliona yule mwenye kipimo cha nje, na kipimo cha mwalimu wetu kilikuwa kifua cha mwanadamu.

Mlimani kwetu, ambako umeme ulikuwa haujafika, ugonjwa ulikuwa mwingine. Huko mashine zilikwenda kwa mawe ya betri. Mawe yakianza kuchoka, mwendo hupungua kidogo kidogo, na msikilizaji hazindukani, kwa kuwa sikio hushuka pamoja nao. Tulikuwa tukiyaanika mawe juani juu ya bati ili yapate nguvu, na wakati wa masika, ukungu unaposhuka juu ya migomba siku kutwa, tulisubiri jua kama wasubirio mgeni. Na gramafoni ya babu, springi ikilegea kabla ya wimbo kwisha, mwimbaji alizama kama mtu anayesinzia, mpaka mtoto akimbie kutia ufunguo.

Zama zile zilipita. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983, na santuri zilizokuwa zikitujia kutoka Nairobi na Mombasa zikawa adimu. Kaseti zikashika nafasi yake, na santuri zikaingia makashani. Sheikh al-Husary alifariki mwaka 1980, Mungu amrehemu. Lakini hatari ya kosa haikufa nao. Bali leo imekuwa kubwa zaidi, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mfikirie Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri hadi Bombay wakarekodi santuri za Kiswahili, nazo zikaenea pwani yote na bara. Siti alifariki mwaka 1950. Aliyemsikia barazani kwake akiwa mtu mzima huenda hayuko tena duniani. Sauti yake tunaijua kwa zile sahani tu, nazo ni za zama ambazo mwendo wa 78 haukuwa kila mahali 78 kamili. Gambusi na fidla hutiwa kwa sikio la mpigaji, kwa hivyo hata ala haziwezi kutuambia kwa yakini. Sasa kijana huchukua santuri kama hiyo, huipiga kwa mwendo wowote, huitia katika kompyuta, na kutoka hapo huingia katika simu za watu maelfu. Akikosea, sauti ya bibi huwa ya mwanamume, au ya msichana wa miaka 12, na nakala hiyo haina alama ya kosa. Vizazi vitasema, "Siti alikuwa hivi." Ni nani atakayesimama kusema sivyo?

Shahidi akifa, kipimo ndicho kinachobaki kumshuhudilia. Twakatazwa kupunja vipimo sokoni. Sijaona kwa nini iwe halali kupunja sauti ya maiti. Sauti ni amana kama mali ya yatima: mwenyewe hawezi kuja kudai.

Basi, ndugu msomaji, kama kasha lako lina santuri, nakuusia haya. Kwanza itambue. Iliyo nzito, ngumu, inayovunjika kama kigae, ni ya 78. Ndogo ya plastiki ya inchi 7 kwa kawaida ni ya 45. Kubwa ya inchi 12 ya plastiki mara nyingi ni ya 33 na thuluthi. Soma karatasi ya katikati kabla ya kugusa kitasa. Santuri ya 78 usiipige kwa sindano nyembamba ya santuri za plastiki, kwani mfereji wake ni mpana, na usiioshe kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha lakiri. Kama mashine imetoka ng'ambo, itazame chini: kama pameandikwa 60 peke yake, usiipige umeme wetu mpaka fundi aiangalie. Kisha fanya kama alivyofanya mwalimu wetu: bandika karatasi, shika saa, hesabu. Dakika 3 kwa 33 na thuluthi ni mizunguko 100, kwa 45 ni 135, kwa 78 ni 234. Siku hizi ziko simu zinazowekwa juu ya sinia la mashine zikahesabu zenyewe, nazo ni msaada mwema, lakini karatasi na saa havijapata kudanganya. Na ukitia nakala katika kompyuta, andika kando yake mwendo ulioutumia, ili atakayekuja nyuma aweze kukusahihisha.

Lakini wasia wangu mkubwa si wa mashine. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka 40, na kila mtoto anaponijia akasema, "Maalim, mimi siwezi," huikumbuka punje ya 83. Kabla sijamwambia ajitahidi, nauangalia kwanza mwendo niliomwekea mimi. Wazazi, nanyi fanyeni hivyo. Huenda mtoto wako hana ila yoyote. Huenda tangu asubuhi anashindana na sauti ya mtu asiyekuwepo, na mashine ni yako.

Wabillahi tawfiq.